Jens Petersen wa Saba

Simu iliita saa tatu na robo asubuhi. Daktari Troels alikuwa ameinama juu ya sikio la Bibi Hansigne, akitafuta kipande cha pamba kilichopotelea humo tangu majira ya baridi, kwa hiyo aliyeipokea ni Rasmine Geisler. Alisikiliza, kalamu mkononi. Mwishowe akauliza swali moja.

"Mna hakika?"

Watu wa maabara walikuwa na hakika. Walipima mara mbili. Mbweha aliyepigwa risasi kwenye jalala la Kangilik siku tisa zilizopita, baada ya kuwarukia mbwa waliofungwa minyororo, alikuwa na kichaa cha mbwa.

Rasmine alikata simu, akamgeukia daktari. "Yule mbweha alikuwa mgonjwa," alisema kwa Kidenishi.

Troels aliinuka na koleo lake mkononi. Alikuwa kijana mrefu kutoka Denmark, wiki yake ya tano Greenland. "Mbwa aliowauma?"

"Waliuawa siku ileile."

"Na aliyempiga risasi?"

"Alimpigia mbali, akamwokota kwa glavu. Huyo simhofii." Rasmine alikuwa tayari amefungua droo ya chini na kuanza kupekua kadi. "Namhofia huyu."

Kadi ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma, siku ambayo mtandao ulikatika mji mzima na kila mgonjwa akaandikwa kwa mkono. Jina: Jens Petersen. Umri: miaka thelathini na moja. Sababu: kaumwa na mbwa wake, mkono wa kulia, juu ya kifundo. Kidonda kimeoshwa kwa sabuni na maji dakika kumi na tano. Sindano ya pepopunda. Vidonge vya siku saba. Chini yake kulikuwa na mchoro wa kidonda, na kando ya mchoro, kwa herufi ndogo, vipimo.

Vipimo vile havikuwa kazi ya muuguzi. Rasmine alikuwa polisi kwa miaka kumi na moja huko Nuuk kabla hajavua sare na kurudi darasani kujifunza uuguzi, na mkono wake ulikuwa haujaacha mazoea: ukiona jeraha, shika rula. Zahanati ya Kangilik ilimchukua kwa miezi mitatu ya kiangazi, wauguzi wa kudumu wakiwa likizo. Watu wa mji walimwita Afande Sindano, na yeye aliitika.

Alisoma alichokiandika mwenyewe. Kutoka chonge hadi chonge, milimita ishirini.

"Bibi," alimwambia Hansigne kwa lugha ya nyumbani, "lile fuvu la mbwa wenu aliyeongoza kundi, bado liko ukutani?"

"Lipo. Marehemu mume wangu alikataa litolewe. Unataka la nini?"

"Kulipima tu."

"Pima. Lakini huyu mtoto wa Kidenishi anitoe pamba yangu kwanza, maana tangu aanze nasikia upepo tu."

Nyumba ya Hansigne ilikuwa ya tatu kutoka zahanati. Baada ya dakika kumi Rasmine alirudi akihema. Mbwa wa kuvuta sleji juu ya barafu, dume zima: milimita arobaini na sita.

"Mbwa gani mwenye chonge za milimita ishirini?" aliuliza.

Troels alifikiri. "Wale wadogo wa kubebwa kwenye mikoba?"

"Hapa mbwa wa namna hiyo angedumu nusu saa. Mtu huyu hakuumwa na mbwa. Aliumwa na mbweha, akanidanganya usoni, nami nikaandika."

Daktari alikaa kitini taratibu. Alijua Rasmine anachokijua: ugonjwa ule unaweza kulala mwilini wiki kadhaa, hata miezi, na muda wote huo chanjo inaokoa. Ila siku dalili zinapoanza, hakuna dawa duniani. Siku kumi na moja zilikuwa zimekwisha kupita.

"Tuna dozi ngapi?"

"Nne za chanjo kwenye friji. Kingamwili za kudunga kwenye kidonda hatuna kabisa. Piga simu hospitali kuu, walete kwa helikopta leo hii. Mimi namtafuta mtu."

*

Orodha ya wakazi wa wilaya ilikuwa na akina Jens Petersen sita. Mmoja alikuwa na miezi minne. Wawili walikuwa kwenye nyumba ya wazee na hawakutoka bila kushikwa mkono. Wa nne alikuwa masomoni Denmark, wa tano kwenye meli ya kuvua kamba tangu Mei. Wa sita alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alifanya kazi kiwanda cha samaki.

Rasmine hakumkumbuka sura. Mgonjwa wa siku ile alikuwa amevaa kofia hadi kwenye nyusi, uso umevimba kwa kuumwa na mbu, macho mawili membamba kama matundu ya vifungo. Angeweza kuwa mtu yeyote.

Alimkuta Jens Petersen wa sita kwenye meza ya kukatia samaki, aproni hadi miguuni. Mkono wake wa kulia, juu ya kifundo, ulikuwa na bandeji.

Moyo wa Rasmine uliruka, lakini sauti yake ilibaki palepale. "Jens, njoo nje kidogo."

"Niko kazini."

"Msimamizi wako kaniruhusu. Mkono umefanyaje?"

"Kisu."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Au ile nyingine."

"Msimamizi anasema ulimwambia ni mashine. Na mama yako, nimempigia, anasema ulimwambia ni maji ya moto." Rasmine alivuta kiti cha plastiki akakaa, kama mtu mwenye siku nzima. "Mkono mmoja, ajali tatu. Una mkosi sana, mdogo wangu."

Jens alitazama mlango. Wenzake wawili walikuwa wamesimama pale wakijifanya wanavuta sigara.

"Fungua," alisema Rasmine.

"Siwezi."

"Jens, kuna mtu katika mji huu ameumwa na mnyama mwenye kichaa. Akiwa ni wewe na usifungue hiyo bandeji, utakufa vibaya, na mimi nitakuwa nimeketi hapa nakutazama."

Kijana akafungua. Chini ya bandeji hapakuwa na kidonda. Palikuwa na mchoro mbichi wa buluu, uliochanjwa ngozini, wenye maua pembeni na jina katikati: SOFIE.

"Mchumba wako si anaitwa Karla?" aliuliza mmoja wa wavuta sigara.

"Ndiyo maana ya bandeji!" Jens alifoka, masikio yakimwiva.

Rasmine alimfunga upya, vizuri zaidi ya mwanzo, akaondoka. Nyuma yake kiwanda kizima kilikuwa kinacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amepoteza saa moja na dakika ishirini, na sasa alikuwa na hakika ya jambo moja tu: aliyekuja zahanati alikuwa Jens Petersen wa saba, ambaye hakuzaliwa na mama yeyote.

*

Saa sita mchana redio ya mji ilisoma tangazo: aliyeumwa na mbweha mwezi huu afike zahanati mara moja, hataulizwa lolote. Likasomwa tena saa saba, na tena saa nane. Hakuna aliyefika.

Aliyefika ni Gerth Mathæussen, afisa wanyamapori, mtu wa miaka hamsini na saba, mabega kama mlango wa ghala. Yeye ndiye aliyeleta kichwa cha mbweha kwenye ndoo.

"Hawatakuja," alisema, akisimama katikati ya chumba na kofia mkononi. "Na kosa ni langu."

"Kivipi?"

"Mwaka jana nilitangaza redioni kwamba nimeokota wavu mzuri wa samaki, mwenyewe aje auchukue. Alipokuja nikamtoza faini, maana niliutoa kwenye mto uliopigwa marufuku kuvuliwa. Mji ulicheka wiki nzima. Mimi pia." Alikuna shingo. "Sasa redio ikisema 'hataulizwa lolote', wanasikia sauti yangu."

"Hongera, Gerth."

"Nimekwisha kukuambia kosa ni langu. Unataka nipige magoti?"

"Nataka uniambie wapi Kangilik pana mbu."

Gerth alimtazama kama aliyeulizwa wapi pana bahari. "Hapa mjini? Hakuna. Upepo wa barafu unawafagia. Mbu wako ndani kabisa, mkono wa bahari unakoishia, kwenye mabonde."

"Mtu wangu alikuwa na uso kama mkate uliovimba. Alikuwa ametoka huko, na hakukaa siku moja. Tena aliniuliza kama vidonge vinaweza kumezwa kwa maji ya mto. Kwa hiyo alikuwa anarudi hukohuko." Rasmine aligonga kadi kwa kidole. "Kuna nini huko ndani mwezi huu?"

Gerth aliitazama kadi. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kazi yake ikimpanda kichwani. "Kulungu," alisema. "Na msimu wa kuwinda haufunguliwi mpaka Agosti."

"Ndiyo maana akasema mbwa. Angesema mbweha, ningemuuliza wapi."

"Huko ndani kuna mabonde manne, Rasmine. Kuyamaliza yote ni siku tatu."

"Basi tutafute bonde kabla hatujatafuta mtu. Washa boti, unisubiri gatini. Na usishuke."

*

Kangilik ilikuwa na pampu moja ya mafuta ya boti, na aliyeishika alikuwa Tabithe Lennert, mama wa miaka sitini anayefuma soksi bila kutazama sindano. Hakuna boti iliyokwenda popote bila Tabithe kujua, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema.

"Afande Sindano," alimsalimu. "Leo unanidunga au unanikamata?"

"Nakuomba, Mama Tabithe."

"Eh, hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Rasmine aliegemea kaunta. Dirishani boti ya Gerth ilionekana ikipumua moshi, mwenyewe amesimama nyuma kama nanga. Tabithe naye aliiona, na mdomo wake ukajifunga.

"Tarehe nane mwezi huu," alisema Rasmine, "mchana, mtandao ulipokatika. Mwanamume mwenye bandeji mkono wa kulia alijaza mafuta hapa. Jina lake silitaki."

"Kila mtu anajaza mafuta hapa."

"Mama, nilipokuwa polisi ningekaa hapa mpaka uchoke. Leo sina muda huo. Mnyama aliyemuuma alikuwa na kichaa. Ulishawahi kumwona mbwa anayekufa hivyo?"

Sindano za kufumia zilisimama. "Niliwaona nikiwa msichana. Kundi zima la baba."

"Basi unajua."

"Walikuwa wanataka maji," Tabithe alisema polepole, "na hawawezi kuyanywa." Alitazama dirishani tena. "Huyo mzee akienda huko na wewe, atamkamata."

"Akimkamata, atakuwa hai. Mimi nataka awe hai tu. Mengine wakagombane wenyewe."

Halafu Tabithe akaanza kufuma tena, akizungumza na soksi yake. "Lita themanini. Lita themanini zinafika bonde la nne na kurudi, la karibu hazihitaji hata nusu. Mifuko kumi na miwili ya kitambaa, ile ya kuzuia nzi wasiguse nyama. Na vyandarua vya kichwa, viwili."

"Viwili?"

"Mtu ana kichwa kimoja, sivyo? Lakini huyo wa pili usiniulize. Siyo wakati yule amesimama pale."

Rasmine alitazama alikotazama Tabithe. Polisi wote, wauguzi wote, na mtu yeyote aliyeishi Kangilik zaidi ya mwezi, walijua jambo moja kuhusu Gerth Mathæussen: tangu masika hakuwa anaongea na binti yake, kwa sababu binti alimpenda mwindaji ambaye Gerth alikwisha kumtoza faini mara mbili.

"Asante, Mama."

"Sikusema kitu," alisema Tabithe. "Kimbia."

*

Rasmine alichukua dozi zote nne. Troels alizifunga kwenye boksi la barafu, akakagua kipimajoto mara tatu, akasema helikopta imekwisha kuruka na itafika saa mbili usiku. Saa kumi kamili boti iliacha gati.

Bahari ilikuwa tulivu kama maziwa kwenye bakuli. Gerth alipita kati ya vilima vya barafu bila kupunguza mwendo, akikata kushoto na kulia kwa mkono mmoja. Saa ya kwanza ilipita. Kisha Rasmine akamsogelea sikioni, maana mashine ilipiga kelele.

"Binti yako, Paarma, yuko wapi kiangazi hiki?"

"Kwa shangazi yake, kusini. Anauza dukani."

"Nani kakuambia?"

"Shangazi yake."

"Wewe umeongea naye lini?"

Gerth alitazama mbele. Mkono ulioshika usukani ulibadilika rangi kwenye vifundo. "Kwa nini unaniuliza?"

"Kwa sababu mtu wangu alinunua vyandarua viwili."

Boti, ambayo Rasmine alidhani imefika mwisho wa mbio zake, iliongeza mbio.

Bonde la nne lilifunguka saa moja kasoro robo, kijani kati ya milima ya mawe, mto ukiteremka katikati. Mbu waliwapokea kabla ya nchi kavu. Rasmine alishika darubini. Boti ndogo nyeupe, imevutwa juu na kufunikwa matawi. Hema. Kichanja cha miti, na mifuko ya kitambaa ikining'inia. Na mwanamume, aliyekwisha kuona rangi za boti ya serikali, akikimbia kupanda mlima na bunduki mgongoni.

"Kunuk Jeremiassen," alisema Gerth kupitia meno. "Ningemjua hata kwa mgongo. Kwa mgongo ndivyo ninavyomjua."

"Zima mashine."

"Atafika juu, atapotea."

"Zima mashine, Gerth. Na uvue hilo koti."

Alizima. Akavua koti la kazi lenye nembo, akalitupa chini. Katika ukimya ule Rasmine alisimama mbele kabisa ya boti, akainua mfuko wa zahanati juu ya kichwa, akaita kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kwenye viwanja vya mpira.

"Jens Petersen! Ni mimi niliyekufunga mkono! Mbweha wako alikuwa na kichaa! Nimeleta sindano, sikuleta pingu!"

Milima ilirudisha maneno vipande vipande. Mtu aliyekuwa akipanda alisimama. Hakugeuka, lakini alisimama.

Mlango wa hema ulifunguka, akatoka mwanamke kijana akichechemea, chandarua kichwani. Alikiinua. Gerth alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, kisha akaruka majini hadi mapajani na kuanza kutembea kuelekea ufukweni bila kungoja boti.

*

"Mbweha alinishika mimi kwanza," alisema Paarma. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, suruali imepandishwa. "Nilikuwa nachota maji. Nikadhani anataka nyama, nikamfukuza, hakuogopa. Akaja moja kwa moja akanishika shavu la mguu, hakuachia. Kunuk akamng'oa kwa mikono, ndiyo akamgeukia na kumuuma. Kisha akaondoka anayumbayumba kama mlevi."

Kunuk alikuwa ameshuka. Alisimama hatua tano kutoka kwa Gerth, bunduki ameiweka chini kwenye nyasi mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umepona vizuri.

"Na wewe hukuja zahanati," Rasmine alimwambia Paarma.

"Ningeandikwa nani? Kila mtu ananijua. Mimi siwezi kujiita Jens."

Rasmine hakutabasamu. Mguu ule hakuupenda. Kidonda kilikuwa kimefunga juu na kutunga chini, na kuzunguka pale ngozi ilikuwa nyekundu. "Unauma?"

"Tangu juzi. Na kuna kitu kama mchwa wanatembea ndani. Homa kidogo pia."

Rasmine alijua Gerth hakuelewa maneno yale. Yeye aliyaelewa. Mchwa mahali pa jeraha, homa: ndivyo kitabu kilivyoandika ukurasa wa kwanza wa mwisho. Lakini kidonda chenye usaha nacho kinauma, nacho kinaleta homa. Kulikuwa na njia moja ya haraka ya kuanza kuwatenganisha. Alichovya kikombe mtoni, akakileta.

"Kunywa."

"Sina kiu."

"Kunywa, Paarma. Chote."

Kitu fulani katika sauti ile kilimfanya Gerth aelewe. Alishika bega la Kunuk bila kujua ameshika nini. Paarma alitazama nyuso zao tatu, akachukua kikombe. Maji yalikuwa ya barafu. Alimeza funda moja, mbili, tatu. Koo lake lilipanda na kushuka kama la mtu yeyote. Alimaliza, akafuta mdomo.

"Haya. Nimekunywa. Mnanitazamia nini?"

"Unaweza kunywa kingine?"

"Nikinywa kingine nitakojoa hapahapa mbele ya baba."

Rasmine alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kisha akafanya kazi. Alichunguza shingo, macho, ulimi, akagonga magoti, akapuliza upepo usoni mwa Paarma na kumwona akipepesa macho tu kwa kero. Akafungua kidonda, usaha ukatoka, na pamoja na usaha kikatoka kipande cha soksi ya sufu kilichozikwa humo na meno ya mbweha. "Mchwa wako hawa hapa," alisema, akikiinua kwa koleo. Alikiosha kidonda kwa sabuni dakika kumi na tano akitazama saa, Gerth akimwagia maji, kikombe baada ya kikombe.

Sindano ya kwanza ilikuwa ya Paarma, kwenye bega. Ya pili ya Kunuk.

"Baba," alisema Paarma. "Ile nyama..."

"Nani kakuuliza nyama?"

"Kulungu wawili," alisema Kunuk. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya yalimtoka kwa shida. "Ni mimi niliyewapiga, yeye hakupiga. Nitakuja ofisini mwenyewe."

Gerth alimtazama kijana kwa muda mrefu: mkono wenye alama nne za meno, zilizopatikana kwa kumng'oa mnyama kichaa kwenye mguu wa binti yake.

"Utakuja," alisema hatimaye. "Bunduki utaiacha kwangu msimu mzima, na nyama inakwenda kwa wazee. Lakini upone kwanza. Sitozi faini wagonjwa." Akasafisha koo. "Na ukija, njoo kwa mlango wa nyumbani. Ofisini kuna baridi."

Paarma aliinama akaanza kuvaa soksi, na alichukua muda mrefu kuliko soksi inavyohitaji.

*

Helikopta ilikuwa imetua walipofika mjini. Troels aliwangoja gatini na joho jeupe juu ya koti la manyoya, boksi la kingamwili kifuani kama mtoto. Alifanya kazi mbili ngumu kuliko zote za kiangazi chake, kudunga kuzunguka vidonda vile mpaka dawa yote iingie. Dozi nyingine zilifuata siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Homa ya Paarma iliondoka na usaha. Siku ya kumi na nne Rasmine alichukua damu ya wote wawili, ikaenda maabara kwa ndege.

Majibu yalikuja katikati ya Agosti, Jumamosi asubuhi, bandari ikiwa imejaa boti. Msimu wa kulungu ulikuwa umefunguliwa, na mji mzima ulikuwa ukipakia. Gerth alikuwa zahanati tangu kufunguliwa. Alisema amekuja kurekebisha bawaba ya mlango. Bawaba ilikuwa nzima, kwa hiyo aliifungua na kuifunga, akaifungua tena.

Rasmine alisoma karatasi, akampa Troels. Troels akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akamrudishia.

"Gerth," alisema Rasmine. "Kinga imeshika. Wote wawili, na ya kutosha. Hawatakufa na hili."

Bisibisi ilianguka sakafuni. Gerth alitoka nje bila kofia, akateremka hadi kwenye boti yake, akashika redio ya bahari. Sauti yake ilitoka kwenye kila boti iliyokuwa bandarini.

"Hapa ni afisa wanyamapori."

Watu waliacha kupakia. Wengine walianza kufunika vitu kwa turubai.

"Damu ya Paarma wangu ni nzima," ilisema redio, na sauti ikakatika, ikarudi. "Na ya mkwe wangu. Ni hayo tu. Windeni salama."

Kisha boti ya Jens Petersen wa kiwandani ikapiga honi. Ikafuata ya pili upande wa pili wa gati, na ya tatu, na ving'ora vya ukungu, na kengele ya meli ya mizigo, mpaka mbwa wote wa Kangilik wakainua vichwa na kuanza kulia kwa pamoja. Tabithe alitoka kwenye pampu yake, soksi mkononi, akapunga juu kuelekea zahanati. Mlangoni pale, kando ya mlango uliobaki umening'inia kwa bawaba moja, Rasmine Geisler alisimama na Daktari Troels, na akaacha kelele zile zimjie zote.